Naomba ushauri: injini na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya gari la kujiundia

Habari zenu wakuu. Naunda gari dogo la mtindo wa Lotus Seven, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Chasisi imeshasimama, nimekwama kwenye injini.

Ya Mazda MX-5, 1.8, inakuja na giaboksi yake ya kusukuma nyuma, hivyo kazi ni nyepesi. Ila roho inanivuta kwenye 4A-GE ya Toyota, 1.6 ya valvu 20, Blacktop. Kila silinda ina throto yake (kilango cha kuingizia hewa), na ule mlio, acheni tu! Shida ni kwamba ilifungwa kwenye magari ya kuvuta mbele, kwa hiyo nitafute giaboksi ya T50 ya AE86, ile Corolla ya zamani ya kusukuma nyuma. Nimepima, inaingia, ingawa kati ya throto na bomba la chasisi hata kidole hakipiti.

Kontroli boksi ya kiwandani naiona salama lakini haichezeki. Nimesoma habari za MegaSquirt na Speeduino, kontroli boksi ambazo unazituni mwenyewe.

Waliowahi kuzifunga: kwa throto nne, mzigo wa injini nisome kwa sensa ya presha au ya throto? Na kwa anayeanza kutuni, ipi kati ya MegaSquirt na Speeduino haitanisumbua kwenye kuwasha asubuhi na sailensa (injini kunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta)?