Picha za simu zinagoma kupanda, na nikizipitisha WhatsApp zinafifia. Msaada wakuu

mama_mapazia
Habari zenu wakuu. Nauza mapazia na mashuka ya mtumba hapa Memorial, Moshi, sasa wateja wa Arusha na Dar wanataka picha kwanza ndo watume hela, nikipiga na hii iPhone aliyoniachia mdogo wangu nikiweka kwenye tangazo inazunguka weee halafu inaandika faili halitambuliki, nyingine ati kubwa mno. Nikampa binti yangu kwa WhatsApp anirudishie, zikapanda ila mteja ananiuliza hayo ni maua au madoa 😂 Na bando linaisha tu. Niambieni kwa lugha ya sokoni tafadhali

fundi_sakina
Pole dada. Hapo kuna mambo mawili. iPhone nyingi tangu iOS 11 (mfumo wa simu) ya 2017 zinahifadhi picha kwa aina ya faili inaitwa HEIC, haili nafasi sana ila sehemu nyingi haifunguki. Ingia mipangilio, kamera, fomati, chagua ile ya pili (Most Compatible), picha mpya zitatoka JPEG, aina inayofunguka karibu kila mahali (za zamani zinabaki vilevile). La pili ukubwa. Kamera ya megapikseli 12 inatoa pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) kama 4000 kwa 3000, za nini zote hizo kwa mtu anayeangalia kwenye kioo cha simu? Shusha hadi 1600 kwa 1200, unabaki na vidoti milioni 2 hivi badala ya milioni 12. Programu za kupunguza picha ziko za bure kibao

mangi_kiborloni
Mnaumiza kichwa bure, piga skrinishoti upandishe hiyo hiyo, mi ndo zangu

fundi_sakina
Mangi, skrinishoti ya iPhone kawaida ni PNG, aina ya faili isiyokamua picha kama JPEG. Kwa maandishi safi, kwa pazia la maua faili linaweza kuwa zito kuliko hata JPEG. Bando la mama wa watu hilo

ndizi_mshale
WhatsApp inazikamua picha ndo maana zinafifia, tuma kama dokumenti inafika ilivyo. Ila angalia, hiyo ya dokumenti inabeba na mahali ulipopigia kama kamera ina ruhusa ya lokesheni, so ukipigia nyumbani izime kwanza. Na usiedit JPEG ukasevu ukaedit tena, kila ukisevu inapungua ubora. Lingine, kama kibanda kina turubai la bluu toa pazia nje, turubai linapaka kila kitu ubluu

mama_mapazia
Heee! Kumbe ndo maana mtu wa Njiro alinirudishia pazia la krimu anasema sio rangi aliyoiona. Nimebadili fomati, la maua limepanda fasta. Zile za zamani nazifanyaje sasa, ziko nyingi na mzigo wenyewe bado upo

fundi_sakina
Programu nyingi za kupunguza zinabadili HEIC kuwa JPEG hapohapo, chagua zote kwa mpigo. Ufanyie kwenye waifai

mangi_kiborloni
Shuka la 5 kwa 6 unatoa bei gani lakini

mama_mapazia
Mangi njoo inbox