IST inavuja oili tena: poda, rangi ya tochi au nikubali kufungua taimingi kava?

Dereva_Moro
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana nimechoka kweli. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ, inavuja oili upande wa dereva, kule kwenye fan belti. Fundi alibadilisha gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini), ikakaa kavu wiki tatu nikashukuru Mungu, siku moja asubuhi naamka doa liko palepale. Nikarudi, akaweka gasketi nyingine, mambo yaleyale. Sasa anasema ni taimingi kava (mfuniko wa ubavuni unaofunika cheni ya taimingi), mpaka ishuke yote ipigwe silikoni upya, laki tatu na nusu kazi tu bila oili. Jirani anasema nitie dawa ya kuzuia kuvuja niachane nayo. Kwa mwezi naongeza karibu nusu lita, na hii ndo gari ya kupeleka watoto shule. Nianze na lipi?

kijana_wa_kisauni
Pole sana ndugu yangu. Mimi Probox yangu niliipata kwa ile rangi ya kutia ndani ya oili. Unatia, unaendesha kama kilomita 30, usiku unamulika na tochi ya mwanga wa zambarau, pale oili inapotokea panang'aa manjano hivi. Uzuri wake inashika hata uvujaji mdogo sana ule wa siku tatu tone moja. Lakini osha injini kwanza, mimi sikuosha mara ya kwanza ikang'aa injini nzima nikabaki nimeduwaa tu.

MamaJunior_Tabata
Dawa ya kuzuia kuvuja nilitia mimi, ilisaidia mwezi hivi kisha ikarudi vilevile, hela imeenda.

Fundi_Babu
Kijana, usifungue taimingi kava kwanza. Nimeshika hizi 1NZ miaka mingi, nisikilize. Oili inashuka, haipandi, na upepo ukiwa barabarani unaipeleka nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea sipo inapotokea. Fundi akilala chini akaona taimingi kava imelowa anasema kava, kumbe oili imetoka juu imeteremka nayo.

Hiyo dawa aliyosema mama Junior inafanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha raba ya sili iliyokauka. Taimingi kava haina gasketi ya raba pale, ni silikoni, sasa dawa itavimbisha nini? Na oili nzito usiweke, VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) inasukumwa na presha ya oili hiyohiyo.

Rangi ni nzuri ila kwa kesi yako poda ya mtoto inatosha, kwa sababu uvujaji wako ni mkubwa na uko mahali unapofikika. Injini ikiwa ya baridi, funika alteneta na koili za plagi, osha kwa sabuni na brashi, kausha kabisa. Pulizia poda kwenye mstari wa tapeti kava, kwenye solenoidi (valvu ya umeme) ya VVT-i, mshono wa taimingi kava, na kuzunguka puli ya krenki. Washa gari iungurume bila kutembea dakika 15 au 20, ukitembea upepo utaipeperusha poda. Halafu angalia inapoanza kulowa JUU KABISA. Na ukitaka kuchungulia chini weka stendi, usiingie kwa jeki peke yake.

Dereva_Moro
Shikamoo fundi, asante sana. Na kama ni sili ya krenki, ile raba ya kuzuia oili pale kwenye puli?

Fundi_Babu
Marahaba. Poda italowa nyuma ya puli. Hiyo inatolewa kwa kuvua puli tu, taimingi kava haishuki, asikudanganye mtu.

Spacio_Njano
Naongezea, ukishajua panapovuja angalia na valvu ya PCV (inayotoa mvuke ndani ya injini) kabla hujaweka gasketi ya tatu. Ikiziba presha inajaa ndani ya injini inatafuta pa kutokea, utabadilisha gasketi mpaka uchoke. Ivue uitikise, isipogonga ndani ina walakini. Ipulize kwa mdomo pia, upande wa injini hewa ipite kirahisi, upande wa manifoldi ipite kwa shida. Yangu ilikuwa imekauka masizi kabisa.

Dereva_Moro
Wakuu nimerudi. Jumamosi nimeosha nikapuliza poda. Puli kavu, solenoidi kavu, mshono wa taimingi kava katikati mkavu. Ilipolowa ni kona, pale tapeti kava inapokutana na taimingi kava na silinda hedi, kona ya nyuma, halafu mstari mweusi unashuka mpaka chini. Nimepiga picha nikamwonyesha mke wangu akashangaa kwamba ni sehemu ndogo kama ukucha!!

Fundi_Babu
Ndo hapohapo. Kona hizo mbili zinataka tone la silikoni CHINI ya gasketi, maana pale vyuma viwili vinaungana na gasketi peke yake haizibi ule ufa. Aliyekuwekea aliweka gasketi tupu mara zote mbili. Futa silikoni ya zamani yote, safisha mafuta, weka tone, funga ndani ya dakika chache kabla halijashika, boliti zikazwe kidogokidogo kwa 10 Nm tu. Ukikaza kwa nguvu gasketi inabanwa inakatika. Usiwashe mpaka silikoni ikauke, soma kwenye tyubu.

Dereva_Moro
Imefanyika juzi, nilisimama pale mwenyewe nikaangalia kona zote mbili, gasketi na silikoni havijafika hata elfu sitini. PCV niliitikisa ikawa kimya, nimeweka mpya. Leo kilomita 410, kadibodi niliyoweka chini usiku ni kavu na dipstiki iko palepale.

kijana_wa_kisauni
Alhamdulillahi. Iache hiyo kadibodi wiki tatu zipite, maana safari ile ndo ilirudi hapo.