Kikundi cha Washonaji wa Mtaa, Wete: Mfarishi wa mabaki

Salma: Assalaam aleikum. Nina viroba viwili vya mabaki ya nguo za Idi: kanga, poplini, buibui, jinzi kidogo, fulana. Nataka nitoe mfarishi, tandiko la vipande vilivyoungwa, wa kitanda cha mtoto. Naanzia wapi?

Bi Mwanakombo: Waaleikum salaam mwanangu. Anza kuchagua, na usichague kwa rangi, chagua kwa uzito. Kanga, poplini na mashuka ya pamba fungu moja. Jinzi fungu lake. Buibui na fulana weka kando kabisa.

Salma: Fulana si pamba, Bi?

Bi Mwanakombo: Pamba, lakini inavutika. Ukiiunga na kanga, kanga inabaki palepale na fulana inalegea, kipande kinatoka tumbo. Hakuna pasi ya kulirudisha.

Fundi Khamis: Buibui nalo likikutana na pasi ya moto wa pamba linayeyuka na kuganda chini ya pasi, halafu unapaka kila kitambaa kinachofuata. Jinzi ukiishona pamoja na kanga, kila mfuo inavuta, mwisho kanga inachanika pembeni mwa mshono. Jinzi ishonee mfarishi wake, sindano namba 16, na usitie kitu kati. Uzito wake unatosha.

Mama Nassor: Kabla ya mkasi fua vyote. Kanga mpya ina wanga na inanywea. Nyekundu na nyeusi fua mbali. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa maji usugue juu yake. Kikishika rangi, fua tena.

Salma: Nitie chumvi isichuje?

Mama Nassor: Chumvi haisaidii kitambaa kilichokwisha tiwa rangi kiwandani. Rangi iliyozidi inatolewa na maji. Kipande kinachochuja hata baada ya kufuliwa mara kadhaa kiache, kitakuharibia vyeupe vyote.

Mama Nassor: Na kanga zenye jina la Mwenyezi Mungu tumia mji (sehemu ya katikati) na pindo tu, jina litoe. Mfarishi unalaliwa na kukanyagwa.

Salma: Sawa sawa. Vipimo je?

Fundi Khamis: Chini weka kanga moja nzima. Kwa kawaida ni kama sentimita 150 kwa 110, lakini pima yako baada ya kuifua. Juu fanya 140 kwa 100, ibaki sentimita 5 kila upande. Gawa kwa vipande vya mraba vya sentimita 20: vitano upana, saba urefu, jumla 35. Kanga inafumuka haraka, kwa hiyo mshono upite sentimita 1 kutoka ukingoni, si nusu. Basi kila mraba unakatwa 22 kwa 22. Kata boksi gumu la ukubwa huo, ndiyo ruwaza yako.

Salma: Mbona mabaki yangu hayafiki 22? Mengine kama kiganja, mengine chane tupu, vipande vyembamba virefu.

Bi Mwanakombo: Hapo ndipo raha yake. Usichore kitu. Chukua kipande chochote chenye pembe nne au tano, hata kama kimekwenda upande. Weka chane juu ya ubavu mmoja, uso kwa uso, shona, piga pasi, nyoosha kwa mkasi. Geuza, tia chane nyengine ubavu unaofuata. Zunguka hivyo mpaka kipite boksi pande zote, kisha weka boksi juu ukate. Ukiliweka boksi hanamu, michirizi inacheza yenyewe.

Bi Mwanakombo: Ila chane chini ya sentimita 3 usitumie. Mshono unakula moja huku na moja kule, inayobaki ni uvimbe.

Fundi Khamis: Na hilo la hanamu ndilo linaloleta mawimbi. Ukingo uliokatwa hanamu unavutika. Usiuvute kwa mkono, acha meno ya cherehani yalishe yenyewe. Pasi iwekwe na kuinuliwa, isiburuzwe. Kanga laini sana ipige wanga mwepesi kabla ya kukata. Mshono ulaze kwa pasi upande mmoja, upande wa rangi nzito, usiufungue huku na huku.

Mama Nassor: Kuna wanaoona haya mistari ikipinda. Wanawake wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani, walishona hivi hivi kwa nguo za kazi kuukuu, na mwaka 2006 posta ya nchi yao ikaitoa mifarishi yao kwenye stempu. Ulegevu ndio aibu, kupinda si aibu.

Salma: Kati nitie sufi?

Bi Mwanakombo: Hapana! Sufi ya mto. Kwenye mfarishi ukifua inakusanyika mabonge. Tena kwa joto letu shuka kuukuu ya pamba, tabaka moja, yatosha.

Fundi Khamis: Tandika sakafuni: kanga uso chini, shuka, halafu vipande uso juu. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kila upana wa kiganja, ukianzia katikati kwenda nje. Cherehani nayo ianzie katikati, sindano namba 14, mshono mrefu kidogo. Ukianzia ukingoni, kitambaa cha juu kinasukumwa na kukunjika katikati, na hapo ni kufumua tu. Mwisho punguza kanga ibaki sentimita 3, ikunje mara mbili ije juu, shona. Ukingo umekwisha bila kununua utepe.

Shadya: Asiye na cherehani?

Bi Mwanakombo: Afanye kama Wasidi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni huku Afrika. Yao inaitwa kawandi. Hawaungi kwanza. Wanatandaza kitambaa cha chini, wanakunja ukingo, wanaanzia pembeni: kipande kinakunjwa kingo, kinawekwa juu, kinashonwa kwa mkono mpaka chini, kinachofuata kinalalia cha kwanza. Wanazunguka hivyo kuingia ndani mpaka katikati. Pembe nne zinatiwa vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, vinaitwa phula.

Shadya: Kwa hiyo kuunga na kudarizi matabaka ni kazi moja?

Bi Mwanakombo: Moja. Uzi wa pamba mnene, mistari isiachane zaidi ya upana wa kidole. Kasoro yake: ukikaza uzi, mfarishi wote unajikunja. Kila ukimaliza mstari, laza kiganja juu yake, nyoosha, ndipo ufunge fundo.

Mama Nassor: Kuanika, tandaza juu ya kamba mbili, kivulini. Kwenye kamba moja maji yanauvuta katikati.

Salma: Ahsanteni. Nyekundu nimeshazitenga. Fundi, sindano za 14 unazo dukani?

Fundi Khamis: Zipo. Pitia baada ya laasiri, na uje na mraba mmoja nikutazamie mshono.