Tupeane uzoefu: mlioumwa sana UVIKO-19, mnajitunzaje nyumbani?

Mleta mada, Morogoro
Wadau, nililazwa 2021, nikawekewa oksijeni. Nilitoka wodini nimepona kwa vipimo, lakini mwili haukurudi, na wapo walioniambia nadeka. Sideki. Shirika la Afya Duniani lenyewe, Oktoba 2021, lilitoa maelezo rasmi ya hali hii ya baada ya UVIKO-19: dalili zipo miezi mitatu tangu kuugua, zimedumu angalau miwili, na hazina maelezo mengine. Kinachonisaidia ni kupumzika kabla sijachoka. Siku ya kufua sipiki. Nikipika, nakaa kwenye kigoda, mboga nimezikata tangu jana. Wenzangu je?

Mdau, Tanga
Pole sana. Shida yangu ni pumzi. Nyungu nilijifukiza, haikunirudishia kitu. Mtaalamu wa mazoezi tiba ndiye aliyenifundisha: pumzi ikikatika kaa, inama mbele, viwiko juu ya meza, mabega yalegee. Ukiwa njiani, egemea ukuta, miguu mbele kidogo. Ila ukipumzika na pumzi bado haitulii, au kifua kinabana, hapo ni hospitali, msisubiri.

Mdau, Mombasa
Naomba tusishauriane "kimbia utoe jasho". Kuna sisi ambao tukijituma leo tunajisikia wazima, halafu kesho au keshokutwa hatuinuki. Mwili unalipiza baadaye, ndiyo maana watu hawaamini. Mimi naandika kwenye daftari nilichofanya na nilivyoamka siku iliyofuata, na daktari wangu husoma hilo daftari kabla ya kuniuliza lolote. Wasiopata hali hii waongeze mazoezi kwa hatua, kila hatua angalau siku 7, na dalili zikizidi warudi nyuma. Mume wangu sasa ndiye anayeniambia "mama, kaa". Kuwa na mtu wa hivyo nyumbani ni nusu ya tiba.

Mdau, Pemba
Kwangu ilipotea harufu. Nilielekezwa kunusa karafuu, ndimu, waridi na mkaratusi, sekunde 20 kila kimoja, mara mbili kwa siku, nikivuta kumbukumbu ya harufu yenyewe. Karafuu nimeanza kuipata. Gesi na moshi bado sivisikii, kwa hiyo jiko haliwashwi nikiwa peke yangu. Kuna aliyerudiwa na harufu zote? Ilichukua muda gani?