Nitajuaje wastani wa draiva yangu? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi

Kobe wa Ruaka (Jumapili, saa 3:10 usiku)
Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kwa wanaocheza gofu. Wasiocheza wapite tu, tafadhali. Nimecheza miaka minne, hendikepu yangu 19, yaani huzidisha mapigo 19 hivi juu ya kiwango cha uwanja. Nataka kujua draiva yangu, ile fimbo ya kupiga mbali, hufika yadi ngapi kwa wastani. Watu huwa nawaambia 260, na si uongo: shimo la nane pale klabuni niliwahi kuupeleka mpira hadi kwenye mgunga ulioanguka, kedi anayenibebea mfuko akahesabu hatua, akasema 263. Lakini juzi nimeingiwa na wasiwasi. Unapimaje? Kwa simu? Kwa hatua? Mapigo mangapi yanatosha? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi. Asanteni.

Makanga Mstaarabu (saa 3:16)
Nilipoona "draiva" nikajua una kesi na dereva wa matatu. Yadi 260 ni mita 238 hivi. Jioni ya mvua, umbali huo Rongai tunakulipisha hamsini.

Hesabu Haziongopi (saa 3:41)
Kobe, hiyo 263 ni rekodi yako. Wastani ni kitu kingine kabisa. Ukitaka wastani, weka na yale mapigo uliyoyachapa utosini yakaenda yadi 120, na yale yaliyokata kushoto yakaingia kichakani. Hayo ndiyo watu huyasahau wakifika baa.

Tuanze na takwimu. R&A, wale wasimamizi wa sheria za gofu, wamewapima wachezaji wa ridhaa kule Uingereza kwa miaka mingi. Wanaume mwaka 1996 walikuwa na wastani wa yadi 200 hivi, na 2019 ulikuwa 216. Hao ni pamoja na wenye hendikepu nzuri kuliko yako. Wanaolipwa kwenye PGA Tour huko Marekani wako karibu na 300, na tazama wanavyopimwa: mashimo mawili kila raundi, yanayotazama pande tofauti ili upepo usimpendelee mtu, na mpira unahesabiwa popote uliposimama, hata kwenye nyasi ndefu. Wewe umepima shimo moja, pigo moja. Shimo lenyewe linateremka?

Ukitaka kupima: tafuta mashimo mawili tambarare, moja la kwenda na moja la kurudi. Piga mipira kumi au zaidi. Simama pale ulipopigia, weka alama kwenye simu, tembea hadi mpira uliposimama, weka nyingine. Simu inaweza kukosea mita chache, hilo lisikutie hofu. Andika yote hapo hapo kabla hujaingia kwenye gari. Wala usitoe kwa kadi ya uwanja yenye urefu wa mashimo ("shimo ni 410, nimebaki na 150, kwa hiyo 260"), kwa sababu vibao vya kupigia husogezwa mbele na nyuma kila siku, na kadi inahesabu kutoka kwenye bamba lile lililozikwa chini.

Mama Kibe (saa 4:02)
Mume wangu alinunua draiva mpya kwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Mpira unafika pale pale ulipokuwa ukifika, ila sasa unafika kwa kelele.

Kedi Mstaafu (saa 4:30)
Nimebeba mifuko miaka kumi na moja, viwanja vitatu hapa Nairobi. Wacha niwaambie habari ya hatua. Mimi ni mfupi. Hatua yangu nikiwa nimebeba mfuko na jua ni kali ni sentimita 75, nimewahi kuipima kwa tepu ya fundi. Yadi moja ni sentimita 91. Hatua 263 za mtu kama mimi ni yadi 215 na ushee.

Jambo la pili ni uso. Mkubwa akiuliza "hiyo ilikuwa ngapi?" unamtazama kwanza. Akiwa peke yake na amekasirika, unampunguzia kidogo ili akuamini. Akiwa na wageni kutoka ofisini, unaongeza ishirini na kusema kwa sauti. Nimelipia karo ya kidato kizima kwa hizo ishirini. Kwa hiyo usimlaumu kedi wako, alikuwa kazini.

Na hiyo ya nane, kama ni Nairobi na ni msimu wa kiangazi, ardhi ikikauka mpira unabingirika kama umeitwa. Njoo mwezi wa nne mvua ikinyesha, nyasi ya kikuyu imelowa: mpira unatua na kukaa hapo hapo kama kuku anayeatamia. Pigo lile lile, yadi thelathini zimeenda.

Kobe wa Ruaka (saa 4:44)
Inateremka kidogo. Kidogo tu. Asante Hesabu, asante Kedi. Lakini mapigo yaliyoharibika kwa nini niyahesabu? Hayo si mimi.

Mama Kibe (saa 4:47)
Ni nani basi?

Jirani Mwema (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)
Samahani ndugu, mimi sichezi ila nimesoma. Mtu akitaka kujua wastani wake ana maisha yake yote. Mbona wewe ni kabla ya Jumamosi?

Kobe wa Ruaka (saa 2:05)
Sawa, niseme. Kuna mchezo mdogo kati yangu na shemeji. Krismasi alinicheka mbele ya wazee, nyama ikiwa bado iko motoni, akasema mimi 260 naisikia kwenye redio, hata 230 sifiki. Nikamwambia tuweke pesa. Mapigo kumi, wastani ukifika 230 ananipa elfu hamsini, usipofika nampa mimi. Tutapigia kwenye uwanja anaochezea yeye, Mombasa. Tikiti ya treni ya SGR ya Ijumaa nimeshakata. Kwa hiyo msiniambie niache. Nauliza namna ya kupima tu.

Hesabu Haziongopi (saa 2:31)
Mombasa! Si ungeanza na hilo?

Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, ndiyo maana wageni wakija kwenye mashindano ya Kenya Open hapa Nairobi hulazimika kupiga hesabu zao upya kwa kila fimbo. Ukishuka hadi usawa wa bahari unapoteza kama sita kwa mia. Kwa maneno mengine, ili upate 230 Mombasa, huku inabidi uwe unapiga karibu 245. Wastani, si ile ya mgunga. Shemeji wako alijua anachofanya alipochagua uwanja.

Mpwani Mtulivu (saa 3:15)
Na joto letu mmelisahau? Hewa ya huku ina unyevu, nzito, mpira unapita kama ndani ya uji.

Hesabu Haziongopi (saa 3:22)
Kinyume chake, Mpwani. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kuliko kavu, na joto linausaidia mpira kidogo. Kinachomponza ni kimo tu.

Mpwani Mtulivu (saa 3:29)
Haya, umesoma. Lakini kusi ya Juni haijasoma. Akipangiwa shimo linalotazama baharini saa tisa alasiri, hiyo 230 ataisikia kwa majirani. Mwambie apige asubuhi, upepo haujaamka.

Jirani Mwema (saa 4:10)
Narudi mimi. Mwenye elfu hamsini zake hakosi usingizi namna hii. Pesa ni za nani?

Kobe wa Ruaka (saa 6:48 mchana)
Nilijua mtafika hapo. Tuliambiwa kila mtu aweke pesa kwa mtu wa kati, na wakati huo mshahara ulikuwa bado. Nilizitoa kwenye chama chetu cha kuchangiana. Mimi ndiye mweka hazina. SI WIZI. Zamu ya kumpa mwanachama ni tarehe 28, na Jumamosi zitakuwa zimesharudi, tena na wenzake hamsini. Benki hufanya hivyo hivyo na pesa zenu kila siku, mbona hamlalamiki? Tuendelee na draiva.

Mzee wa Kwaya (saa 7:01)
Tamaa mbele, mauti nyuma. Kijana, hizo ni pesa za mama anayeuza sukuma wiki tangu saa kumi alfajiri. Zirudishe leo.

Shamba ni Mali (saa 7:09)
Chama chetu mweka hazina alikuja mkutanoni na daftari limelowa, akasema limeanguka kwenye karai la nguo. Kurasa zote kavu isipokuwa za miezi mitatu. Tulimtazama tu. Hadi leo nikiona karai nakumbuka elfu kumi na nane zangu. Kobe, wanachama wako wana namba yako?

Mama Kibe (saa 7:15)
Mimi ningekuwa kwenye hicho chama ningekupima wewe kwa hatua.

Makanga Mstaarabu (saa 7:30)
Swali la kitaalamu: akishindwa, tikiti ya kurudi anayo?

Kobe wa Ruaka (Jumanne, saa 2:20 usiku)
Nimeamua kuwajibu kwa vitendo. Leo nimetoka kazini mapema, nimepiga kumi kwa utaratibu wa Hesabu, kwenda na kurudi. Haya hapa: 240, 215, 190, 225, 160, 235, 205, 220, 255. Wa kumi ulivuka ua, huo sijauhesabu. Ule wa 160 niliguswa na sauti ya lori. Ukiutoa, nakaribia 225. Na huo wa 255 mumeuona. Naona nikipumzika vizuri na nikitumia mipira mipya inawezekana.

Msomaji Kimya (saa 2:58)
Miaka sita nasoma humu bila kuandika neno, leo mmenilazimisha. Mapigo tisa, yote yanaishia sifuri au tano. Mpira gani huo unaojua kusimama kwenye namba nzuri? Halafu nimejumlisha: 1,945. Gawa kwa tisa: 216. Hesabu alitaja 216 Jumapili. Kedi akapata 215 na ushee siku hiyo hiyo. Na huyu naye, ajabu, 216. Hii si gofu, ni insha ya shule.

Tena nimerudi nyuma kwenye nyuzi zake. Februari aliandika anatafuta mchumba "mcha Mungu, asiye na madeni". Leo ana shemeji Mombasa aliyekula naye Krismasi?

Makanga Mstaarabu (saa 3:00)
Paukwa!

Mama Kibe (saa 3:01)
Pakawa!

Shamba ni Mali (saa 3:04)
Kumbe nimemwaga machozi ya karai bure.

Kobe wa Ruaka (saa 3:12)
Msomaji Kimya, ungebaki kimya. Shemeji ni mume wa dada yangu! Kiswahili ulisomea wapi? Na namba zinaishia tano kwa sababu simu ilikuwa imebaki na chaji ya tatu kwa mia, ikazima kwenye pigo la pili. Zilizobaki nilikadiria kwa kile kibao cheupe kinachoonyesha yadi 150 hadi shimoni. Mtu anakadiria kwa tano tano, ni kawaida.

Hesabu Haziongopi (saa 3:20)
Kwa hiyo kati ya kumi umepima moja.

Kobe wa Ruaka (saa 3:22)
Moja na nusu.

Mzee wa Kwaya (saa 3:40)
Iwe kweli au ya kutunga, mwenye chama cha kweli amejifunza.

Msomaji Kimya (saa 3:44)
Mzee, usimpe heshima hiyo. Atuonyeshe tikiti ya treni.

Kobe wa Ruaka (saa 3:51)
Tikiti ina jina langu na namba ya kitambulisho. Nikiiweka hapa hamtanipa amani.

Kedi Mstaafu (Jumatano, saa 12:15 asubuhi)
Nimesoma yote nikinywa chai. Kutunga kuna namna yake, na mtu anayetunga hajipi 160. Angejipa 240 kumi na kwenda kulala. Tena kusema "lori limenigusa" hiyo nimeisikia mara elfu moja kutoka kwa watu wa kweli. Wengine ni ndege, wengine ni kedi amekohoa.

Kobe, kesho Alhamisi saa kumi na mbili na nusu nitakuwa pale ninapofundishia vijana, nitakutumia ujumbe kando. Njoo na mipira kumi ya aina moja, mizuri, si ile ya mazoezi iliyochoka, hiyo huanguka mapema na itakudanganya upande wa pili. Simu uichaji. Mimi nitaleta kamba ya fundi ya mita hamsini na kijana wa kuishika. Tutapiga mitano kwenda, mitano kurudi, tutaandika kila moja hata ukiugusa ukaenda hatua kumi. Kisha tutapunguza sita kwa mia kama alivyosema Hesabu, na hiyo ndiyo namba utakayopanda nayo treni, au utakayompigia nayo shemeji simu kabla hujapanda.

Lakini kwanza nijibu hili, maana hakuna aliyeuliza. Kwenye makubaliano yenu, mpira ukipotea ni sifuri, unapigwa tena, au unaachwa? Ukiweka sifuri kwa ule uliovuka ua jana, wewe uko 194, hata kabla ya bahari.

Kobe wa Ruaka (saa 12:40)
Habari ya uliopotea hatukuongea. Mbele ya wazee mtu haanzi kuongea habari ya kupoteza.

Kedi Mstaafu (saa 12:43)
Mpigie leo. Usiulize kama mtu mwenye hofu. Uliza kama mtu anayepanga sheria.

Kobe wa Ruaka (saa 1:02)
Sawa, mzee wangu. Alhamisi nitakuja, kahawa ni juu yangu. Ila hapo unapofundishia, kuna shimo lolote linaloteremka kidogo?