Diski ya shingo C5-C6: kuunganisha pingili au diski bandia?

Mnyooshaviungo_Ujiji
Wakuu, habari za leo. Mgonjwa ni mchukuzi wa sokoni, miaka 52. Mkono wa kulia unamwaka hadi kidole gumba. Dawa na mazoezi wiki 10, hakuna nafuu. Kipimo cha MRI: diski ya C5-C6 (kile kituo laini kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo) imechakaa na inabana neva. Ameambiwa achague: pingili ziunganishwe au awekewe diski bandia. Kabla hajapanda treni kwenda Dar, aulize nini?

Pingili7
Kwanza, anafunga vifungo vya shati vizuri? Anatembea bila kuyumba? Vidole vikiwa vizito au mkojo ukimponyoka, kilichobanwa ni uti wenyewe, yaani shina la neva linalopita ndani ya pingili. Hapo asingoje, maana nguvu zilizopotea huenda zisirudi.

Kama ni neva tu, operesheni zote mbili hupitia mbele ya shingo na diski hutolewa. Tofauti ni kinachowekwa pale. Kuunganisha ni kipande cha mfupa au kijisanduku, mara nyingi na bamba na skrubu. Mfupa hushikana kwa miezi kadhaa, na pingili jirani hubeba kazi zaidi. Diski bandia huiacha shingo icheze, ila haifai pingili zikiteleza, mifupa ikiwa dhaifu, au viungo vidogo vya nyuma vikiwa vimechakaa. Kwa mchukuzi wa umri huo hivyo viungo ndivyo vya kutazamwa kwanza. Apigwe eksirei ya ubavuni, ameinama kisha ameinua kichwa.

Neva_Tabora
Ipo na njia ya nyuma: kupanua tundu la neva, bila chuma. Inafaa diski ikiwa imetokeza pembeni. Ikiwa katikati hapana, kwa kuwa uti hausukumwi kuifikia.

Akiunganishwa, sigara aache kabisa, huzuia mfupa kushika. Dawa ya maumivu kama diclofenac asijinunulie bila kumuuliza mpasuaji.

Kumeza kwa shida na sauti kukwaruza hutokea, kwa kawaida huisha. Shingo kuvimba na pumzi kubana ni dharura: damu inajikusanya na kukandamiza njia ya hewa, hasa saa za mwanzo. Asiharakishe kurudi Kigoma.

Mnyooshaviungo_Ujiji
Ahsanteni. Vifungo anafunga, hayumbi. Mzigo kichwani ataweza tena?

Pingili7
Kichwani hapana, kwa njia yoyote ile. Hata wa mkononi uwe mwepesi wiki 6 za kwanza, kisha eksirei iamue. Na mweleze mapema, mkuu: operesheni hii hutibu zaidi maumivu ya mkono. Ya shingo yenyewe yanaweza kubaki.