Mashine ya kupoza goti baada ya upasuaji: iwashwe kwa muda gani?

Mkimbiaji wa Zamani (swali)

Habari zenu, wanajukwaa. Siku tisa zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti, nikarudi nyumbani na mashine ya kupoza: chombo cha kutia maji na barafu, pampu ndogo, mipira miwili, na mkanda wenye mifereji unaofungwa kuzunguka goti ili maji baridi yapite ndani yake na kurudi chomboni. Niliambiwa niitumie kadiri nitakavyohitaji, na kwa kuwa ubaridi ulituliza maumivu kuliko vidonge, nilielewa kwamba ninaweza kuiwasha muda wote. Usiku wa kuamkia juzi nililala nayo ikiwaka. Nilipofungua mkanda alfajiri nilikuta baka jeupe, kubwa kama sarafu, upande wa nje chini kidogo ya goti. Lilikuwa gumu, na nilipoligusa kwa ncha ya kidole sikuhisi kitu. Rangi ilirudi baada ya saa moja hivi, ngozi ikawasha sana, na mpaka leo nikipapasa hapo nahisi kana kwamba kuna karatasi kati ya kidole na mguu.

Naomba kufahamu mashine hii inatofautianaje na mfuko wa barafu wa kawaida, iwashwe kwa muda gani, na ni lini nitaweza kuanza kutumia joto, kwa sababu misuli ya paja imekakamaa.

Tabibu wa Viungo

Pole sana, ndugu. Kabla ya jibu lolote, wasiliana leo hii na daktari aliyekupasua umweleze habari ya baka hilo, kisha ujaribu jambo moja ukiwa umekaa: inua unyayo na kidole gumba cha mguu kuelekea kwako. Mahali ulipopataja, neva inayoinua unyayo hupita juu kabisa, ikizunguka kichwa cha mfupa mwembamba wa mguu bila nyama ya kuikinga, na ubaridi wa muda mrefu pamoja na mkanda uliokazwa huweza kuijeruhi. Ukiona unyayo unalegea, usingoje kesho.

Kuhusu muda, kawaida ninayowapa wagonjwa ni dakika 15 hadi 20, kisha mkanda unafunguliwa na goti linaachwa mpaka ngozi ipate tena joto lake, jambo ambalo huchukua saa moja au zaidi. Ubaridi hutuliza maumivu kwa kupunguza kasi ya ujumbe unaopita katika neva, na kwa kazi hiyo inatosha ngozi ishuke hadi kati ya nyuzi 10 na 15 za Selsiasi. Ukizidisha hapo hupati nafuu ya ziada, ila unaikaribia hatari. Kinachonisikitisha ni kwamba ganzi ileile unayoifurahia ndiyo inayokunyima onyo, maana aliyekufa ganzi hawezi kusema kwamba anaungua kwa baridi; na aliyelala, au ambaye bado ana dawa ya ganzi ya upasuaji mguuni, yuko katika hatari kubwa zaidi. Weka kitambaa kikavu kati ya mkanda na ngozi, kikilowa ukibadilishe, na utazame ngozi kila mara unapofungua.

Fundi wa Vifaa Tiba

Niongeze upande wa mashine yenyewe, kwa sababu ndipo kosa hili linapozaliwa. Mfuko wa barafu una kikomo chake: barafu huyeyuka, maji yaliyogusana na ngozi hupata joto, na baada ya muda mfuko hauna nguvu tena. Pampu huondoa kikomo hicho, kwa kuwa kila sekunde huleta maji mapya yaliyopozwa. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto la kilojuli 334, ambalo lingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Chombo kilichojaa barafu, basi, kinaweza kulipoza goti usiku kucha bila kuchoka.

Mashine nyingi za aina yako hazina kidhibiti joto. Zina swichi ya pampu tu, na hata zile zenye kipimajoto mara nyingi hupima maji, si ngozi yako. Zipo za bei kubwa zaidi zinazotumia umeme badala ya barafu: mkondo ukipita katika maungio ya metali au vitu viwili tofauti, upande mmoja hupoa na wa pili hupata joto, jambo aliloligundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834. Ukigeuza mkondo, pande hubadilishana, ndiyo maana kifaa kimoja huweza kupoza na kupasha, na kiwango huwekwa kwa nambari. Kama huna mashine ya namna hiyo, chomeka yako kwenye saa ya umeme inayojizima. Na usiufikirie mfuko wa jeli uliotoka kwenye friza kuwa ni mpole kuliko barafu: unaweza kuwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati barafu inayoelea kwenye maji haishuki chini ya 0.

Msomaji Mwingine

Mimi nauliza kama barafu ina haja hata kidogo. Daktari Gabe Mirkin, Mmarekani aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kukaza na kuinua, mwenyewe baadaye aliandika kwamba barafu huweza kuchelewesha uponaji.

Tabibu wa Viungo

Ni kweli aliandika hivyo, na hoja yake ina uzito: uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya kazi ya mwili ya kujitengeneza. Ndiyo sababu simwambii mgonjwa kwamba ubaridi unaponya. Ninamwambia unapunguza maumivu, ili alale, na aweze kukunja na kunyoosha goti, kwa sababu goti lisilokunjwa baada ya upasuaji hukakamaa, na kulirudisha ni mateso.

Kuhusu joto, ndugu Mkimbiaji, usiliweke kwenye goti lenyewe wakati bado limevimba na lina joto, wala karibu na kidonda. Kwa paja lililokakamaa, muulize kwanza daktari kama hakuna dalili ya damu kuganda mguuni: shavu la mguu likiuma, likivimba au likiwa jekundu, usiweke joto kabisa. Akikuruhusu, tumia joto la wastani kwa dakika 15 hivi ukiwa macho. Ngozi inayoguswa na kitu cha nyuzi 44 kwa saa sita huungua, na kadiri joto linavyopanda muda huo hupungua haraka sana, kwa hiyo usilale juu ya mkeka wa umeme.

Mkimbiaji wa Zamani

Nashukuru sana. Unyayo unainuka vizuri, na kidole gumba pia. Daktari ameangalia baka akasema ngozi haijafa, hisia huenda zikarudi taratibu, na ameniagiza nisiweke ubaridi upande huo mpaka anione tena wiki ijayo. Mashine nimeichomeka kwenye saa ya umeme ya dakika 20, na mkanda naufunga juu ya taulo jembamba, ukiwa umeishia kabla ya kuufikia ule mfupa mwembamba.